Lehemu na Tupa: Mambo Anayopaswa Kujua Mlaji Anapotengenezewa Pete

Utangulizi

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Walikitaja chanda, wakaitaja na pete. Hawakumtaja sonara, wala hawakueleza yanayotokea kati ya siku mwenye mali anapokabidhi dhahabu yake na siku anapovishwa pete. Somo hili linahusu siku hizo za katikati.

Mlaji anaponunua kilo moja ya sukari huiona mizani na huondoka na kile kile kilichopimwa. Anapotengenezewa pete, mambo ni tofauti. Huacha mali yake mikononi mwa mtu mwingine, huenda zake, kisha hurejea baada ya siku kadhaa na kukabidhiwa kitu kingine kabisa. Kinang'aa na kinapendeza, lakini hana namna ya kukilinganisha kwa macho na kile alichokiacha. Mara nyingi alichokiacha ni bangili ya marehemu mama yake, au hereni za bibi, au akiba pekee ya nyumba. Ndiyo maana tumeona vema kumweleza mlaji kazi ya sonara hatua kwa hatua. Hatukusudii kumfanya fundi, bali kumwezesha kujua aulize nini, lini, na kwa nini.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

1. kueleza jinsi pete inavyotengenezwa kwa mkono, tangu kipande cha madini hadi kidoleni;
2. kutambua hatua mbili ambazo thamani ya mali yake inaweza kubadilika;
3. kupiga hesabu ya madini yaliyoingia na yaliyotoka;
4. kuandikiana na fundi makubaliano yanayowalinda wote wawili.

Karati na namba zake

Dhahabu safi ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Hujikunja na kukwaruzika upesi. Kwa sababu hiyo masonara huichanganya na fedha, shaba au madini mengine ili iwe ngumu zaidi. Kiasi cha dhahabu kilichomo katika mchanganyiko hutajwa kwa karati. Karati 24 ni dhahabu tupu. Karati 22 ina takriban sehemu 916 za dhahabu katika kila sehemu 1000. Karati 18 ina sehemu 750. Karati 14 ina sehemu 585. Na karati 9 ina sehemu 375. Kwa pete za fedha, namba inayojulikana zaidi ni 925, yaani sehemu 925 za fedha, na zinazobaki ni shaba au madini mengine.

Namba hizo huonekana zimepigwa chapa upande wa ndani wa pete. Mlaji azisome, lakini akumbuke kwamba chapa ni tamko la aliyeipiga. Chuma chenye namba 750 kinaweza kugongwa juu ya shaba kama kinavyogongwa juu ya dhahabu. Chapa hupata uzito inapoambatana na risiti yenye karati ile ile na jina la duka lililo tayari kuitetea.

Pete inavyozaliwa

Hatua ya kwanza ni kupima kidole. Kidole hubadilika: hunenepa wakati wa joto na baada ya kazi, hupungua wakati wa baridi. Ni busara kupima zaidi ya mara moja, mkono ukiwa katika hali yake ya kawaida. Pete pana hubana kuliko nyembamba, hivyo huhitaji nafasi zaidi kidogo.

Hatua ya pili ni kuyeyusha. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1064 za Selsiasi, na fedha safi kwenye nyuzi 961. Fundi huyeyusha madini ndani ya chombo kinachostahimili moto, huyamimina katika kalibu, kisha huyafua kwa nyundo juu ya fuawe au huyapitisha katika mashine ya kubana hadi yawe bamba. Akitaka waya, huuvuta kupitia matundu ya chamburo, tundu kubwa kwanza, kisha dogo zaidi. Madini yanayopigwa na kuvutwa huwa magumu, na yakiendelea kulazimishwa hupasuka. Kwa hiyo fundi huyarudisha motoni kila baada ya muda ili yalainike.

Hatua ya tatu ni kukata na kukunja. Urefu wa bamba hupatikana kwa hesabu rahisi: chukua kipenyo cha ndani cha pete, jumlisha unene wa bamba, kisha zidisha kwa 3.14. Pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 18 na unene wa milimita 1.5 huhitaji bamba la milimita 61 hivi. Bamba hukunjwa mpaka ncha zake mbili zikutane. Umbo lisipokuwa la mviringo kamili wakati huu si neno. Muhimu ni ncha kukutana barabara. Fundi hodari huzisawazisha kwa tupa bapa, kisha huinua pete kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kati ya ncha hizo, kazi bado.

Hatua ya nne ni kulehemu, na ya tano ni kupiga tupa. Hizi ndizo hatua mbili tunazotaka mlaji azitazame kwa makini. Tunaziita milango miwili. Kupitia lehemu, madini yasiyo yako huingia katika pete yako. Kupitia tupa, madini yaliyo yako hutoka.

Mlango wa kwanza: lehemu

Lehemu ni madini yaliyochanganywa ili yayeyuke kabla ya madini yanayounganishwa. Isingekuwa hivyo, pete yenyewe ingeyeyuka kabla ya kuungana. Ili kushusha kiwango hicho cha kuyeyuka, lehemu ya fedha huchanganywa na shaba na zinki, na lehemu ya dhahabu mara nyingi huwa na dhahabu kidogo kuliko pete inayounganishwa. Hilo ni jambo la kawaida katika ufundi, wala si hila. Linaloleta tofauti ni kiasi na aina.

Kuhusu kiasi, lehemu si saruji. Haikuumbwa ili kuziba pengo. Inapoyeyuka huvutwa na ufa mwembamba ulio kati ya ncha mbili zilizokutana vizuri. Fundi hupaka boraksi kwenye kiungio ili hewa isiunguze madini, huweka kipande cha lehemu kidogo mfano wa punje ya ulezi, kisha hupasha moto pete nzima. Lehemu huufuata moto. Pete ikipata joto sawasawa, lehemu hupita ndani ya ufa kwa kufumba na kufumbua. Fundi asiyesawazisha ncha zake hulazimika kujaza pengo kwa lehemu nyingi. Matokeo yake ni kiungio dhaifu, mstari wenye rangi tofauti, na dhahabu iliyopungua ubora.

Tupige hesabu. Pete ya gramu 6 ya karati 22 ikiungwa kwa lehemu ya karati 18 yenye uzito wa gramu 0.05, ubora wa pete nzima hushuka kutoka 916 hadi karibu 915 katika 1000. Hakuna mtu wa kulalamikia hilo. Lakini kama katika gramu hizo 6 gramu 0.5 ni lehemu, ubora huwa karibu 902. Pete hiyo haistahili tena kuitwa karati 22, ingawa chapa yake inasema hivyo.

Kuhusu aina, tunamtahadharisha mlaji dhidi ya lehemu ya bati, ile inayotumiwa kuunganisha nyaya za redio. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, na likichanganywa na risasi huyeyuka mapema zaidi. Kwa hiyo ni rahisi kulitumia, na hushawishi anayetaka kumaliza haraka. Madhara yake ni matatu. Kwanza, kiungio hicho hakina nguvu. Pili, risasi ni sumu, hasa kwa watoto wanaopenda kutia vitu kinywani. Tatu, siku pete hiyo itakapotiwa katika moto mkali kwa matengenezo mengine, bati na risasi vitaila dhahabu au fedha na kuacha mashimo yasiyorekebishika. Ukiona kwenye kiungio cha pete mstari wa kijivu usio na mng'ao, mwambie fundi mapema kabla hajawasha moto wake.

Kuna pia lehemu za zamani zilizotiwa kadmiamu ili ziyeyuke kwa urahisi. Moshi wake hudhuru mapafu ya fundi, na Umoja wa Ulaya ulizuia madini hayo katika mapambo tangu mwaka 2011. Mlaji ana haki ya kuuliza kama lehemu inayotumika haina kadmiamu, na swali hilo linamfaa fundi mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Baada ya kulehemu, pete huwa nyeusi kwa moto na kutapakaa boraksi. Hutumbukizwa katika tindikali iliyozimuliwa au katika maji ya moto yenye shabu, kisha huoshwa. Hatua hii isijaribiwe nyumbani na mtu asiye na ujuzi wala vifaa vya kujikinga.

Mlango wa pili: tupa

Pete iliyoungwa hutiwa katika mti wa chuma uliochongoka na kugongwa taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka iwe mviringo. Ndipo tupa inapoanza kazi. Tupa ya nusu duara husafisha upande wa ndani, tupa bapa husafisha nje na kingo, kisha msasa huondoa mikwaruzo ya tupa, na mwishoni pete hung'arishwa.

Kila mpigo wa tupa hudondosha unga, na unga huo ni dhahabu. Sonara makini hutandika ngozi au huweka trei chini ya meza yake, na haruhusu mtu apige ufagio ovyo. Anajua thamani ya vumbi lake. Mlaji naye aijue.

Turudi kwenye pete yetu ya mfano: kipenyo cha milimita 18, unene wa milimita 1.5, upana wa milimita 4. Ikiwa bapa na ya karati 22, uzito wake ni takriban gramu 6.5. Tupa ikipunguza unene kutoka milimita 1.5 hadi 1.4, tofauti ambayo jicho haliioni, gramu 0.4 na zaidi zimekuwa unga. Zidisha kiasi hicho kwa bei ya gramu siku hiyo, nawe utajua kwa nini tunasema mlango huu usiachwe bila mlinzi.

Je, unga huo ni wa nani? Kama madini yalikuwa yako, unga ni wako, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Mnaweza kukubaliana kwamba fundi aubakize na kupunguza ujira wake kwa thamani hiyo. Mnaweza kukubaliana auyeyushe na kukurudishia. Yote ni halali. Lisilo halali ni kunyamaza, kisha mmoja kufanya uamuzi kwa niaba ya wote wawili.

Hesabu ya kuingia na kutoka

Tuchukue mfano. Mama mmoja anapeleka bangili ya karati 22 yenye uzito wa gramu 12 ili atengenezewe pete mbili za harusi ya binti yake. Siku ya kuchukua anapewa pete mbili, moja gramu 6.4 na nyingine gramu 4.2. Jumla ni gramu 10.6. Asipouliza, ataondoka akiwa amepungukiwa gramu 1.4, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bangili yake.

Akiuliza, na fundi akiwa mwaminifu, ataonyeshwa haya:

- pete mbili: gramu 10.60;
- vipande vilivyokatwa: gramu 0.90;
- unga wa tupa: gramu 0.35;
- upotevu wa motoni na wa kung'arisha: gramu 0.15;
- jumla: gramu 12.00.

Upotevu kidogo haukwepeki. Uchafu huungua, chembe hubaki katika chombo cha kuyeyushia, na vumbi la kung'arisha ni gumu kukusanya lote. Mlaji asimtuhumu fundi kwa sababu ya pungufu dogo lililokubaliwa tangu mwanzo. Lakini gramu 0.15 zikigeuka gramu 1.4 bila maelezo, hapo hatusemi tena upotevu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kabla ya kukabidhi madini

1. Vito viondolewe kwanza, kisha madini yapimwe peke yake. Jiwe lililopimwa pamoja na dhahabu litaonekana baadaye kama upungufu.

2. Ubora upimwe kabla ya kuyeyusha. Sonara husugua kito kwenye jiwe jeusi la kupimia, hudondoshea tindikali, na hulinganisha alama hiyo na alama za dhahabu ya karati inayojulikana. Baadhi ya maduka yana mashine ya miale. Njia zote mbili husoma zaidi sehemu ya juu. Kwa hiyo kito kinachoshukiwa kuwa kimepakwa tu kikwaruzwe kidogo mahali pasipoonekana. Kito cha zamani chenye viungio vingi kinaweza kuwa na karati pungufu kuliko ilivyodhaniwa, na ni heri jambo hilo lijulikane mapema kuliko baada ya kugeuka ugomvi.

3. Mizani iangaliwe. Isimame sawa, isiwe kwenye upepo wa feni, na ianze kwenye sifuri mbele ya macho yako. Tanzania Bara, mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Tafuta alama ya uhakiki huo. Mizani ya sonara isome angalau sehemu ya mia ya gramu.

4. Ikiwezekana, shuhudia kuyeyusha. Madini yakishapoa yapimwe tena na uzito huo uandikwe. Kuanzia hapo hesabu yenu haitakuwa na shaka ya uchafu.

Karatasi ya makubaliano

Makubaliano yanatosha kuwa ukurasa mmoja, ilimradi yawe na mambo haya: tarehe, uzito na karati ya madini yaliyopokelewa, kipimo, upana na unene wa pete inayotakiwa, karati ya lehemu, kiwango cha juu cha upotevu kinachokubalika, hatima ya vipande na unga, ujira wa fundi, siku ya kukabidhi, na sahihi za pande zote mbili. Kila upande ubaki na nakala. Siku ya kuchukua pete, dai risiti halali inayotaja uzito na karati, si neno “pete” peke yake.

Tunapenda kusisitiza kwamba karatasi hiyo humlinda fundi pia. Masonara wengi huishi kwa jina jema, na jina hilo huweza kuharibiwa na mteja aliyesahau uzito wa bangili yake mwenyewe. Vilevile mlaji atambue kwamba ujira ni haki ya fundi. Fundi anayepunjwa ujira hujaribiwa kuutafuta mahali pengine, na mahali palipo karibu zaidi naye ni chini ya tupa yake.

Kukagua pete iliyokamilika

Ipime mbele ya fundi. Itazame chini ya mwanga mzuri, ukiizungusha polepole, ukitafuta kiungio. Kiungio kizuri hakionekani kwa urahisi. Kibaya huonyesha mstari, tundu au rangi nyingine. Pitisha kidole ndani na kwenye kingo. Pasiwe na ncha inayokwaruza. Ivae kwa dakika kadhaa kabla ya kuondoka.

Sumaku inasaidia kwa upande mmoja tu. Pete ikinaswa na sumaku, ina chuma au madini ya jamii hiyo ndani yake. Isiponaswa, bado hujathibitisha kitu, kwa maana hata shaba hainaswi.

Kidole kikigeuka kijani chini ya pete, usikimbilie kusema umeibiwa. Fedha ya 925 na dhahabu ya karati ndogo zina shaba ndani yake, na jasho huweza kuleta rangi hiyo. Lakini pete uliyouziwa kama karati 22 ikifanya hivyo, irudishe ikapimwe. Ngozi ikiwasha au kutoka vipele, huenda mchanganyiko una nikeli. Vua pete na umwone mtaalamu wa afya.

Mambo yakiharibika

Rudi kwanza kwa fundi ukiwa na karatasi na risiti. Migogoro mingi ya aina hii humalizika mezani pale maandishi yanapokuwepo. Ikishindikana, usiyeyushe wala usirekebishe pete hiyo kwingine, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Ikiwa shaka yako ni juu ya mizani, Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ncha za pete lazima zikutane kabla ya kutiwa lehemu?
2. Taja madhara mawili ya kuunga pete ya fedha kwa lehemu ya bati.
3. Ulikabidhi gramu 8.00. Umepewa pete ya gramu 6.90, vipande vya gramu 0.60 na unga wa gramu 0.30. Upotevu ni gramu ngapi? (Jibu: 0.20.) Je, kiasi hicho kimo ndani ya kiwango mlichoandikiana?

Iwapo huna jibu la sehemu ya mwisho ya swali la tatu kwa sababu hamkuandikiana chochote, basi anzia hapo. Kabla ya kukabidhi madini yako safari ijayo, omba kalamu.